Kitani cha Harusi ya Shangani

Siku Mwanakheir binti Usi alipokwenda Darajani kununua kitani cha Bi Shemsa, alivaa buibui lake jipya na viatu vya kutokea, kama mtu anayekwenda harusini. Ilikuwa Mfunguo Nne, mwezi wa nne baada ya Ramadhani, mwaka wa hamsini na nne, na mtaa mzima wa Malindi ulishajua kwamba mdarizi wao amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: shuka moja kubwa la kitanda na foronya nne, zote za kitani, zote za kudariziwa kwa mkono, kwa ajili ya binti wa Bi Shemsa wa Shangani aliyekuwa anaolewa Mfunguo Saba.

Mwenye duka, Mhindi mmoja mzee aliyeitwa Lalji, alimjua tangu alipokuwa anakuja hapo ameshikwa mkono na shangazi yake. Alimwekea kigoda, akampa maji.

"Toa kitani, Mzee Lalji," Mwanakheir akasema. "Na usinitolee hicho cha mbele cha kuwaoneshea wageni."

"Hata hujakaa, Bi Mwanakheir, ushaanza kugomba."

Akamshushia majora matatu juu ya meza. Mwanakheir aliinuka akalishika la kwanza, akakibana kipembe cha kitambaa baina ya vidole gumba viwili akakifikicha kwa nguvu. Ungaunga mweupe ukamgandia mikononi.

"Dondo tupu, wanga wa kukipa ugumu. Hiki ukikifua mara moja tu kinalala kama ganda la ndizi."

La pili akalikusanya ndani ya ngumi, akalibana, kisha akafungua mkono na kupitisha kiganja juu yake. Kitambaa kilikuwa kimejinyoosha chenyewe, hakina kunjo hata moja. Kitani cha kweli kikikunjwa hukunjika, na hakisahau. Akalisukuma pembeni. "Hiki kina pamba ndani. Kauze kwa watu wa makoti."

La tatu alilikawilia. Alitia mate kwenye ncha ya kidole akakigusa kitambaa, na papo hapo unyevu ukapenya hadi upande wa pili. Akapitisha ukucha juu ya nyuzi zinazokwenda urefu, kisha juu ya zile zinazopita upana, polepole, akizihesabu kwa kuzigusa, kusudi ajue kama unene wake ni mmoja. Ulikuwa mmoja.

"Hiki," akasema.

Mzee Lalji akacheka. "Umechagua umefumba macho, mama. Wenzio hukichukua mpaka nje wakakitazame juani."

"Hilo jua lako limenitia kiwi njiani," Mwanakheir akajibu, naye akacheka.

Baadaye zikaja nyuzi. Alizitaka za waridi namna mbili, samawati, zambarau kidogo, na kijani cha majani, kilichokolea na kilichofifia. Mzee Lalji akazimwaga kwenye sinia la bati. Mwanakheir akachagua kishada kimoja kimoja, akavipanga mapajani mwake, kisha akanyanyua vishada viwili akasema, "Hiki kijani ndicho. Nipe sita kama hivi."

Mzee Lalji akavitazama vile vishada. "Bi Mwanakheir, hiyo si kijani. Hiyo kahawia."

"Duka lako giza."

"Ndiyo, mama," mzee akasema kwa upole. "Duka giza." Akamchagulia mwenyewe, na Mwanakheir hakumzuia. Alipotoka alisimama kidogo mlangoni akiwa ameushika mwimo, jua likimpiga usoni, akasubiri njia imrudie machoni ndipo ashuke ile ngazi moja ya duka.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu Ramadhani iliyopita, ukungu ulikuwa umekuja ukakaa katikati ya kila alichokitazama. Mwanzo alidhani ni moshi wa jikoni. Akaosha macho kwa maji ya waridi. Mwalimu wa chuo cha Kurani akamwandikia kombe, aya za kuoshwa kwa maji, akayanywa siku saba. Ukungu ukabaki pale pale, na rangi zikaanza kufifia moja baada ya nyingine, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Zaidi ya mwalimu yule hakumwambia mtu, hata mumewe Borafya, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala la karafuu na kurudi jioni amechoka, ananukia karafuu mpaka kwenye nywele.

Mwanakheir alikuwa mzaliwa wa Matemwe. Mama yake alipofariki, yeye akiwa na miaka tisa, shangazi yake wa Malindi alikwenda kumchukua akamleta mjini na mtoto yule hajui hata kuvaa viatu. Shangazi alikuwa mdarizi, na alikuwa mkali. Miaka miwili ya mwanzo hakumpa sindano. Alimpa kitambaa: afue, aanike, anyooshe, avute uzi, apige pasi, na kikiharibika aanze upya. Sindano aliipata akiwa na miaka kumi na moja, na alipofika ishirini kazi yake ilikuwa inaulizwa mpaka Vuga. Aliolewa na Borafya. Akazaa watoto wawili, wakafa wote wadogo. Baada ya wa pili, sindano ndiyo iliyobaki kuwa kitu chake.

Aliwahi kumfundisha mtu mmoja tu, binti wa jirani aliyeitwa Kidawa. Msichana yule alikuwa na mkono ambao Mwanakheir hajauona kwa mtu mwingine. Mwaka wa arubaini na saba, Kidawa akiwa na miaka kumi na sita, alidarizi kitambaa cha meza chenye matawi ya mkarafuu pembe zote nne. Ukatokea mwito wa maonesho ya kazi za mikono, na Mwanakheir akakipeleka kitambaa kile kwa jina lake mwenyewe. Alijiambia kwamba nakshi alichora yeye, kitani alitayarisha yeye, na mtoto alimfundisha yeye. Kikapata zawadi ya kwanza. Kidawa alipowaambia watu kwamba kazi ile ni yake, Mwanakheir alisimama barazani, mbele ya wanawake wa mtaa, akasema, "Mwongo huyu. Namlea, naye ananizulia uwongo." Msichana hakurudi tena nyumbani kwake. Aliolewa Kajificheni, akaendelea na kazi huko, na miaka saba walikuwa wakipishana sokoni kama watu wasiojuana.

Basi kitani cha Bi Shemsa kikafika nyumbani Malindi, na Mwanakheir akaanza kukitayarisha.

Hakukata kwa mkasi kwanza. Alitafuta uzi mmoja kwenye ukingo, akauchokoa kwa ncha ya sindano, akauvuta taratibu mpaka ukatoka wote na kuacha njia nyembamba iliyonyooka upana mzima wa kitambaa. Mkasi ukafuata njia ile. Ndiyo maana vipande vyake havikuwahi kwenda upande. Kazi hii aliifanya kwa ncha za vidole, na alipomaliza shuka na foronya zote alitambua kwamba hakukitazama kitambaa hata mara moja. Moyo wake ukatua kidogo. Akajiambia huenda na kudarizi kutakuwa hivyo hivyo.

Kisha akashona kingo zote kwa mshono mpana wa kuzungushia ili nyuzi zisifumuke majini. Akaroweka vipande siku nzima kwa maji ya mvua aliyokuwa ameyahifadhi kwenye mtungi, maana maji ya kisima cha Malindi yana chumvi na hukifanya kitani kiwe kigumu. Maji yakatoka meupe kwa dondo. Akayamwaga, akatia mengine. Siku ya tatu akachemsha na sabuni ya kipande iliyoparuzwa, akasuuza mara nne. Hakukamua hata mara moja. Kitani kikikamuliwa huvunjika ndani kwa ndani, na mahali palipovunjika hapanyooki maisha. Alivibeba vipande vikiwa vinachuruzika maji mpaka juu, kwenye sakafu ya paa, akavitandaza juani, na kila vilipokaribia kukauka akavirushia maji tena, ili jua living'arishe.

Siku kumi alipanda na kushuka ngazi zile. Borafya alimwambia, "Mwanakheir, mbona hiki unakifua kama unafua roho ya mtu?"

"Harusi ya Shangani hii, bwana. Watakuja kukitazama wanawake wa mji mzima."

"Watatazama maua. Nani atatazama kitambaa?"

"Ua likikaa juu ya kitambaa kibaya, baada ya kufuliwa linajikunyata kama uso wa kizee. Wataliona tu."

Jioni moja wakalivuta shuka wote wawili, lingali na unyevu, yeye ameshika pembe mbili na mumewe mbili, wakilivuta mshazari huku na huku mpaka nyuzi za urefu na za upana zikakutana sawasawa. Ndipo akapiga pasi ya makaa upande wa nyuma, kutoka katikati kwenda nje. Liliponyooka, alipitisha kiganja juu yake kutoka pembe moja hadi nyingine. Katika miaka thelathini ya kazi hakuwahi kupata kitani kama kile. Kilikuwa laini na kizito, na baridi yake ilibaki mkononi.

Zikabaki nyuzi. Rangi ya uzi haiaminiwi mpaka ijaribiwe, hasa nyekundu na ndugu zake. Mwanakheir alitia kila kishada kwenye bakuli la maji ya vuguvugu yenye chumvi na siki, akakikandamiza kwenye kitambara cheupe cha bafta, akakibana, akatazama kama kimeacha alama. Ilikuwa Ijumaa, na Borafya alikuwa nyumbani anasubiri wakati wa sala. Mwanakheir alipomaliza vya waridi, alikitandaza kile kitambara karibu na dirisha, akakiinamia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Safi. Hazikutoka rangi."

Borafya akageuka kutazama. "Safi nini?"

"Kitambara. Cheupe pe."

Mumewe alikuja akakichukua mkononi mwake, akakitazama, kisha akamtazama yeye. "Mwanakheir. Kitambara hiki chote kimekuwa chekundu."

Mwanakheir akakaa chini juu ya mkeka. Borafya naye akakaa. Adhana ikaadhiniwa na bado amekaa.

"Tangu lini?" akasema mwishowe.

"Tangu Ramadhani."

"Na unaviona hivi?" Alinyoosha vidole akavipitisha mbele yake.

"Naviona vikienda. Sivioni ni vingapi."

Jumatatu Borafya akamwomba ruhusa msimamizi wake, akampeleka mkewe hospitali. Daktari alikuwa mtu mpole, akamtia dawa machoni, akamulika kwa kitaa kidogo muda mrefu, jicho moja kisha jingine. Mkalimani hakuhitajika, Kiswahili alikijua.

"Mama, wengine huja hapa na mtoto wa jicho, tukamtoa wakaona. Wewe huna mtoto wa jicho. Macho yako mazima. Mshipa wa nyuma yake, unaochukua nuru kuipeleka kichwani, ndio unaokufa."

"Na dawa yake?"

"Nitakupa vidonge vya kukutia nguvu mwilini. Lakini sitaki kukudanganya. Dawa ya mshipa uliokufa hakuna, hapa wala Bombay."

"Utakufa wote?"

"Huenda mwaka, huenda miwili."

Borafya akauliza, "Na kazi yake, daktari? Ni mdarizi."

Daktari aliutazama mkono wa Mwanakheir uliokuwa juu ya meza, kidole cha shahada kimejaa alama za sindano. Alisema tu, "Pole, mama."

Mwanakheir akarudi Malindi na mumewe. Alipofika nyumbani alivua buibui, akatoa duara mbili za mti anazobania kitambaa, akawamba foronya ya kwanza, akakaa dirishani. Nakshi ilikuwa tayari imeshachorwa: alikuwa ameitoboa kwenye karatasi zamani, matundu madogo madogo, na kuipitisha kwenye kitambaa kwa unga wa makaa. Akatia uzi sindanoni kwa kuupapasa mpaka ukapenya. Akashona ua moja. Hakuuona mchoro, akashona kwa kumbukumbu ya mkono. Ilipofika alasiri alipitisha kidole juu ya ua lile. Jani la kwanza limeegemea kushoto. La pili limepanda juu ya la kwanza. La tatu lilikuwa limekaa peke yake, mbali, kama limetupwa.

Akalifumua lote. Kesho yake akalishona tena, akalifumua. Siku ya tatu vilevile. Uzuri wa kitani ni kwamba tundu la sindano ukilisugua kwa ukucha na maji hujifunga, na kitambaa kinabaki kama hakijaguswa. Alikisugua. Vuli ilishaanza, mvua inanyesha mchana, chumba kimeingia giza, na zilikuwa zimebaki wiki sita kufika harusi.

Siku ya nne akavikunja vipande vyote, akavifunga ndani ya kanga safi pamoja na nyuzi, zile za waridi zikiwa zimeshasuuzwa mpaka Borafya akasema hazitoi rangi tena, akamwambia Borafya, "Nisindikize Kajificheni."

"Kwa nani?"

"Kwa Kidawa."

Borafya alimtazama kama hakusikia vizuri. Lakini alimsindikiza, akamwacha mlangoni, yeye akenda kukaa kwenye baraza ya jirani.

"Hodi."

"Karibu... " Sauti ya ndani ikakatika. Kidawa alitokeza ukumbini, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu sasa, mtoto mgongoni. Malezi ni malezi, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi si mwanao, Bi Mwanakheir. Una haja gani?"

Mwanakheir alikaa chini pale pale bila ya kukaribishwa, kwa sababu hakuona kiti kipo wapi. Akaufungua mzigo. Kidawa alipokiona kile kitani aliinama bila ya kutaka, akakishika. Mwanakheir alisikia kucha zake zikipita juu ya nyuzi, kwanza urefu, kisha upana, kama alivyomfundisha.

"Cha nani hiki?"

"Cha Bi Shemsa wa Shangani. Nshakitayarisha. Kudarizi siwezi. Macho yangu yanakufa."

Kidawa akakiachia kitani. Mtoto akalia, akamtikisa mgongoni akanyamaza.

"Wako wadarizi wangapi mji huu," Kidawa akasema hatimaye, "ukaja kwangu?"

"Hakuna mwengine anayekistahili."

"Ulisema mimi mwongo. Mbele ya watu. Nlikuwa na miaka kumi na sita."

"Nilisema."

"Mama yangu alinipiga kwa maneno yako. Alikufa anaamini nilikusingizia. Unajua hilo?"

Mwanakheir hakulijua. Akabaki ameshika ncha ya kanga.

"Ntaifanya," Kidawa akasema. "Sikufanyii wewe. Nnakifanyia hiki kitambaa. Lakini utakwenda kwa Bi Shemsa kwa miguu yako, umwambie kazi ni ya Kidawa. Na ile ya maonesho pia umwambie. Kwa kinywa chako."

"Ntamwambia."

Akaenda siku iliyofuata. Usiku mzima ule alikuwa ameyapanga maneno, na njiani kwenda Shangani aliyarudia kimoyomoyo. Bi Shemsa alimpokea juu, kwenye chumba kilichojaa wanawake waliokuwa wanakunja nguo za harusi, na hakuwaambia watoke. Mwanakheir akasimama katikati yao akasema yote: kwamba haoni, kwamba kitani anadarizi Kidawa wa Kajificheni, na kwamba kitambaa kile cha meza kilichopata zawadi mwaka wa arubaini na saba hakikuwa chake, aliiba kazi ya mtoto akamwita mwongo.

Alitegemea kelele. Alitegemea mtu agune, au acheke, au amtukane. Bi Shemsa alikuwa anahesabu kanga.

"Maonesho gani?" akasema. "Aa, mambo ya zamani hayo, nani anayakumbuka. Mie nnataka shuka langu kwa siku yake. Huyo Kidawa anajua?"

"Anajua kunishinda mimi."

"Basi imekwisha. Na wewe umefanya nini hasa, nijue?"

"Nimekitayarisha kitani, Bi Shemsa. Nimekichagua, nimekifua, nime—"

"Kufua hufua dobi," Bi Shemsa akasema, si kwa ubaya. "Pole na macho, Mwanakheir. Mungu akuafu."

Akashuka ngazi akishika ukuta. Kisa kilichomkaa kifuani miaka saba kama jiwe kilikuwa kimetoka, na hapakuwa na mtu aliyejishughulisha kukiokota. Alipomwambia Kidawa jinsi kilivyopokewa, Kidawa akauliza, "Hata hawakuuliza?"

"Hawakuuliza."

"Basi," Kidawa akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Ntakuarifu siku ya kukabidhi shuka."

Harusi ikafika. Mwanakheir alialikwa pamoja na wanawake wengine, na walipopandishwa kukiona chumba cha bibi harusi, alisikia vigelegele vikipigwa kwa ajili ya kitanda. Kwake yeye kitanda kilikuwa ni weupe tu, na juu yake vivuli. Alisikia watu wakisema hawajaona maua ya namna ile, yamekaa kama yameota. Walimtaja Kidawa, wakamsukuma mbele, mtu akamfukiza udi. Mwanakheir aliingia kati ya watu, akanyoosha mkono akaligusa shuka. Maua yalikuwa yamelala sawa, hayakukunja wala kuvuta popote; kitambaa kiliyabeba yote bila ya kulegea. Alijua kwa nini. Akapitisha kidole juu ya jani moja, la pili, la tatu.

"Mama, usiguse," msichana mmoja akamwambia, akamwondoa mkono kwa heshima. "Utalichafua."

Baada ya hapo Kidawa alizoea kumletea vitambaa. Hawakuzungumza habari za zamani, wala hawakupatana kwa maneno. Alikuja, akaweka mzigo, akasema ni cha nini na kinatakiwa lini. Mwanakheir alichagua, alifua, alivuta nyuzi, alinyoosha. Borafya alimsaidia pasi, kwa sababu mara mbili mkewe alijiunguza. Kufikia mwaka wa hamsini na sita hakuona tena hata mwanga wa dirishani. Alifanya kazi hiyo hiyo gizani, na Kidawa hakuwahi kurudisha kipande kusema kimekwenda upande.

Mwaka wa hamsini na saba mizigo ikapungua. Kwanza ilikuja kila mwezi, kisha kila baada ya miezi mitatu, kisha ukapita msimu mzima. Siku Kidawa alipokuja, alikuja mikono mitupu, akakaa.

"Nimenunua cherehani, Bi Mwanakheir. Inadarizi yenyewe, unaongoza tu kwa mkono. Shuka linakwisha siku mbili. Watu wanataka hizo. Siku hizi hawangoji miezi."

"Na kitani?"

"Hawataki kitani. Kitambaa cha cherehani kinatoka kiwandani kimeshanyooshwa. Unaweka tu, unashona."

"Hukifui kwanza?"

"Sikifui."

Mwanakheir akatikisa kichwa polepole. "Umeshashona nini?"

"Foronya. Maua ya samawati."

"Samawati gani?"

"Samawati tu," Kidawa akasema. "Zinakuja namna moja."

Mwanakheir alijaribu kuiona rangi ile ndani ya kichwa chake, ile ya vishada vya Mzee Lalji. Kilichokuja kilikuwa jina lake tu. Alikaa akaita na nyingine, waridi, zambarau, kijani, na zote zikaja hivyo hivyo, maneno. Kidawa alisubiri kidogo, kisha akaaga. Mlangoni aligeuka akasema, "Ntakuja kukutazama," na alikuja mara mbili.

Mwaka uliofuata, ghala lilipunguza watu na Borafya akawa miongoni mwao. Chumba cha Malindi kikawashinda. Wakarudi Matemwe, kwenye nyumba ya ndugu wa Mwanakheir, nyumba ya udongo na makuti ambayo alikuwa ameihama akiwa na miaka tisa. Wanawake pale wote husokota kamba za usumba: hufukia makumbi mchangani karibu na maji miezi kadhaa yaoze, huyafukua, huyaponda, kisha huzisokota nyuzi zake juu ya paja kwa kiganja. Wifi yake, Mwamvua, alimkalisha kwenye mkeka uani, akamwekea rundo la usumba, akamwonesha mara moja, na haikuhitajika mara ya pili.

Wiki za mwanzo viganja vilitoka damu. Kisha vikaota ngozi ngumu. Ncha za vidole, zile zilizokuwa zikipambanua uzi mmoja na mwingine, zikawa kama kisigino. Borafya aliziona siku moja alipokuwa anamnawisha mikono kabla ya chakula, akazishika muda mrefu.

"Pumzika kidogo," akamwambia. "Hazina haja ya kwenda mbio kamba hizi."

"Nikae nifanye nini?" Mwanakheir akauliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu.

Akaosha mikono, akala. Baada ya kula Mwamvua akamletea rundo jingine, naye Mwanakheir akalivuta kwake, akaanza kusokota.